Kilo Mia za Bertila

Basi la kutoka Morogoro lilimshusha Bertila Mgaya mjini Makambako saa nane mchana, mwezi wa saba, akiwa na blauzi nyepesi na begi la kompyuta mgongoni. Mtoto wa Njombe gani anashuka Makambako mwezi wa saba bila sweta? Chuo kilikuwa kimeanza kumsahaulisha mambo. Upepo ulimkumbusha papo hapo, akavuka barabara kwa mbio hadi kwenye uwanja wa viazi alikofanya kazi mama yake mdogo, Jeni.

Jeni alikuwa mshonaji wa magunia. Wapakiaji wakishajaza viazi, yeye ndiye anayekuja na sindano yake ndefu na kamba, anafunga mdomo wa gunia, anavuta, anakandamiza kwa goti, anavuta tena. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na minne.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo nini hii? Vaa hili koti haraka. Kesho ukisimama mbele ya akina mama unatetemeka, watasema hesabu zimekutisha."

Mkutano wa kesho ndio uliomleta. Kikundi cha Juhudi, akina mama arobaini na wawili wa kijijini kwao upande wa Uwemba, walikuwa wakutane mjini Njombe kwenye ukumbi wa parokia, waamue jambo moja tu: waendelee na mbegu yao nyekundu ya viazi, waliyorithi kwa mama zao, au waiache wote kwa pamoja wachukue nyeupe mpya. Lilikuwa jambo zito, maana nyekundu haiuzwi dukani. Inaishi kwenye maghala yao tu, mwaka hadi mwaka. Ikitoka humo, imetoka.

Na wa kuwaambia ipi inazaa zaidi alikuwa Bertila, binti yao, mwaka wa tatu chuo cha kilimo. Likizo ya Pasaka alizunguka nyumba kwa nyumba akiwahoji kuhusu mavuno ya mwaka uliopita, akarudi chuoni na daftari limejaa, akaandika ripoti yake ya utafiti. Ripoti ilisema nyeupe, tena bila kigugumizi. Nyeupe kilo elfu tano na mia mbili kwa ekari. Nyekundu elfu tatu na mia nane.

Ripoti hiyo aliiandika kwa msaada wa akili mnemba, na wala hakuficha. Chuoni kwao haikuwa haramu. Ulijaza fomu yenye maswali mawili: imekufanyia nini, na wewe umehakiki nini. Wenzake wa bweni waliipa programu hiyo jina la Mjuaji, na wengine walikuwa wameshaitia aibu. Kuna mmoja, Timoth, aliyempa Mjuaji kazi ya kubuni wakulima hamsini ambao hakuna mama aliyewazaa. Alikamatwa siku ya kutetea ripoti, alipoulizwa kijiji chao unakwendaje, akasema kwa treni, na reli haifiki huko. Bertila hakuwa wa namna hiyo. Wakulima wake walikuwa wa kweli, wengine walimbeba mgongoni utotoni. Mjuaji alimpangia majedwali, akamkokotolea, akamnyooshea Kiingereza. Kwenye swali la pili la fomu aliandika: "Nimehakiki mahesabu yote." Na kweli alihakiki, kwa kikokotoo, mstari kwa mstari. Kuzidisha kulikuwa sahihi.

"Nasikia ripoti umesaidiwa na simu," Jeni alisema, bila ubaya. Alikuwa mtu wa kudadisi tangu utoto. Redio ikifa nyumbani kwake, haikutupwa kabla hajaifungua kuona ndani kuna nini.

"Ni programu, mama mdogo. Unaiuliza, inakujibu."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Na Kibena?"

"Kibena kinaipiga chenga."

"Basi haijafika kwetu hiyo. Hebu nionyeshe."

Jeni alijifuta mikono kwenye kitenge, akakaa juu ya rundo la magunia matupu. Praygod, mpakiaji mwenye shingo nene kuliko kichwa, akasogea naye achungulie. Swali la kwanza lilikuwa la Jeni: kwa nini kiazi kikikaa juani kinageuka kijani na kuwa kichungu? Mjuaji akaeleza vizuri, taratibu, mpaka Jeni akaguna kwa heshima. La pili lilikuwa la Praygod, kuhusu mgongo wake. Mjuaji akamshauri aepuke kubeba vitu vizito.

"Huyo hana watoto wa kulisha," alisema Praygod.

"Sasa muulize vya hapa kwetu," Jeni akasema. "Muulize gunia moja la viazi lina uzito gani."

Bertila akaandika. Jibu likaja kabla hajavuta pumzi: kwa kawaida, gunia moja la viazi ni kilo mia moja.

Jeni alicheka mpaka akashika mbavu. Aliyekuwa akipita na toroli alisimama kuuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka naye.

"Praygod, nenda kamletee mtoto kilo mia!"

"Kilo mia niliiacha shuleni, mama Jeni. Tangu niingie uwanja huu sijakutana nayo."

Nyuma yao yalisimama magunia ya siku hiyo, na yote yalikuwa lumbesa. Gunia limejazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake likaongezewa rundo jingine la viazi, likashikiliwa kwa kamba za Jeni. Serikali imelikataza, maofisa wameshahubiri, na malori ya fuso yanaendelea kuondoka nalo. Wala hakuna anayelitaja kwa jina lake akiulizwa na mtu mwenye daftari. Akiulizwa umevuna ngapi, mama wa watu anajibu kwa adabu: magunia thelathini na nane.

Bertila naye alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Yeye ndiye aliyekuwa mtu mwenye daftari. Aliuliza magunia mangapi, akajibiwa magunia mangapi, akaandika. Wale waliokwisha kuijaribu nyeupe walikuwa wameuza kwa mnunuzi mwenye mizani, aliyewapa karatasi za kilo. Wa nyekundu waliuzia fuso shambani, kwa gunia. Daftari lake lilikuwa na kilo upande mmoja na magunia upande wa pili, akampa Mjuaji vyote, naye Mjuaji akavilinganisha bila shida yoyote. Na yeye, aliyekua akiteleza juu ya lumbesa kama watoto wengine wanavyoteleza kwenye mchanga, hakushtuka hata kidogo. Jedwali lilikuwa limenyooka mno.

"Mama mdogo," aliuliza, sauti ikiwa imeshuka, "haya yana kilo ngapi kweli?"

Jeni alifuta machozi ya kicheko. "Nani kapima? Sisi tunahesabu magunia."

Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na mashine ya kusaga ya mzee Kornelio, na mashine ya kusaga haikosi mizani. Bertila aliomba kuitumia. Mzee alisita kidogo, akataka kujua ni wa serikali au wa nani, Jeni akamwambia ni mtoto wa dada yake tu, kaingiwa na mdudu wa kuuliza. Praygod na mwenzake wakaburuta gunia la kwanza. Kilo mia na hamsini na mbili. La pili: mia na thelathini na tatu.

"Mbona yanapishana hivi?"

"Inategemea nani kajaza, na dalali gani kasimama pale," alisema Jeni, ambaye sasa alikuwa amenogewa kuliko hata Bertila. "Mimi mwenyewe sikujua yanapishana hivyo! Leta lile la pembeni, Praygod. Lile nimelishona jana, la mama yako hilo."

"La mama?"

"Yako manne. Yanapanda fuso la dalali Patrick leo."

Bertila alilisogelea. Kati ya kamba aliona viazi vyekundu, vyote vya ukubwa wa yai la kuku, vimelingana. Viazi vya kula havichaguliwi hivyo. Hizo zilikuwa mbegu.

"Mama mdogo, hii ni mbegu. Mama ndiye anayewatunzia kikundi kizima."

"Najua. Akaniambia, mwanangu wa chuo kanipigia simu, kaandika kwamba nyeupe ndiyo mbegu. Akasema bora aitoe mapema kabla haijaanza kuchipua, wenzake wasije wakabishana bure kesho."

Gunia la mama yake lilisoma mia na arobaini na nane. Bertila aliitazama namba hiyo. Ni kweli alikuwa amempigia mama simu. Alikuwa na furaha siku ile, msimamizi wake amemsifu, akataka wa kwanza kujua awe mama.

Aliketi kwenye kizingiti cha mashine, akafungua simu tena, akamwandikia Mjuaji kwa hasira: kwa nini ulitumia kilo mia? Mjuaji hakukasirika. Alijibu kwamba hakupewa uzito wa gunia, hivyo alichukua kipimo cha kawaida, na kwamba alilieleza hilo kwa maandishi chini ya jedwali. Bertila akarudi nyuma kwenye mazungumzo ya mwezi wa tano, akitumaini kumkamata na uongo. Maandishi yalikuwepo. "Angalizo: nimechukulia gunia moja kuwa kilo 100. Tafadhali thibitisha na wakulima." Naye akakumbuka vizuri kabisa alichofanya. Sentensi hiyo ilikuwa imelisukuma jedwali mpaka ukurasa wa pili. Akaifuta, jedwali likaenea vizuri.

Hapo ndipo alipotaka kujua zaidi, hata kama kujua kungemuumiza. Alimwambia Mjuaji ajaribu kilo mia na arobaini na nane. Kufumba na kufumbua, nyekundu ikawa mbele ya nyeupe, elfu tano mia sita na zaidi. Akasema jaribu mia thelathini na tatu. Nyeupe ikarudi mbele kwa kilo mia na arobaini na kitu. Akajaribu nyingine na nyingine, na kila alichosema, Mjuaji alikikubali na kumletea jedwali safi, lenye mistari iliyonyooka. Lingekuwa jambo jepesi kuchagua moja, kubadilisha ukurasa, na kesho kusimama mbele ya ukumbi kana kwamba hakuna kilichotokea. Magunia yale ya mwaka jana yalikuwa yameshaliwa Dar es Salaam. Hakuna ambaye angeweza kuyarudisha yapimwe. Ukweli ni kwamba hakujua, na Mjuaji naye hakujua, ila mmoja wao ndiye aliyekuwa anaitwa binti yetu.

"Mama mdogo, mbegu ya mama isipande fuso."

"Nimwambie nini Patrick? Nafasi kaniwekea yeye."

"Mwambie nimekosea."

Jeni alimwonyesha Patrick kwa kidole. "Mwambie mwenyewe. Mficha uchi hazai."

Patrick dalali aliambiwa. Alinung'unika sana, akasema wasomi ndio wanaoharibu biashara, lakini alikuwa na fuso jingine tupu linalokwenda Njombe kuchukua mzigo, na Praygod akayapandisha magunia manne huko bila kudai kitu, akiwa bado anataka kujua mambo yataishaje. "Mkipata jibu mniambie," alisema. "Mgongo wangu una haki ya kujua."

Njiani, ndani ya fuso, Bertila alimpigia msimamizi wake, Dokta Odilo. Alieleza yote, na ile sentensi aliyoifuta pia.

"Kwenye swali la pili la fomu ulijibu nini?" Dokta aliuliza.

"Kwamba nimehakiki mahesabu yote."

"Ulihakiki?"

"Nilihakiki kuzidisha, Dokta. Gunia sikuhakiki."

Kisha Dokta akasema kwamba ripoti italazimika kurudi, matokeo yake yatasubiri, na huenda mahafali ya Novemba yakampita. Alisema Bertila angeweza kukaa kimya na hakuna msahihishaji ambaye angeligundua, maana nao wangeona kilo mia na kupita. "Ndiyo maana nimekupigia," alijibu Bertila, akalia kidogo, dereva akajifanya anatazama barabara.

Kesho yake ukumbi wa parokia ulijaa sweta na vitenge. Kompyuta ilibaki begini. Mbele ya ukumbi lilisimama gunia moja la mama yake, halijafunguliwa, na pembeni yake mizani ya parokia, ile ya kupimia mahindi ya sadaka ya mavuno.

"Kamweneni, mama zangu," alisalimia kwa Kibena, wakaitikia. "Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja akisie. Hili gunia lina kilo ngapi?"

Ukumbi ulichangamka. Mia, alisema mmoja. Mia na kumi. Mwenyekiti wao, mama Juliana, aliyelima viazi tangu Bertila hajazaliwa, alilizunguka gunia, akalipiga kofi, akasema mia na ishirini na asibishwe. Wanaume wawili waliokuwa wakirekebisha paa waliitwa, wakalipandisha. Mia na arobaini na nane.

Kisha mama mmoja nyuma akasema polepole, "Kumbe tumekuwa tunatoa hivyo?"

Bertila aliwaambia. Kwamba walimpa magunia na yeye hakuuliza gunia gani. Kwamba programu ilijaza kilo mia, ikamwandikia kabisa athibitishe nao, na yeye akaifuta sentensi hiyo ili karatasi ipendeze. Kwamba nyekundu ilikuwa imepunjwa kwenye ripoti yake kama wenyewe walivyopunjwa shambani.

"Kwa hiyo nyekundu ndiyo bora," alisema mama Juliana.

"Sijui, mama."

"Basi nyeupe."

"Sijui. Nilidhani najua."

Minong'ono ilipanda. Mmoja alisema kwa sauti kwamba miaka mitatu ya chuo ni mingi kwa neno "sijui", na wengine wakacheka, na Bertila akatamani sakafu ifunguke. Ndipo mama yake, Lidia, aliponyanyuka kwenye benchi la tatu. Hakuwa mwanamke wa kusema mikutanoni.

"Ulipoileta ile habari kwenye simu," alisema, "ulikuwa umepima?"

"Hapana, mama."

"Mimi huyo wa kwenye simu simjui. Hajawahi kuja kwangu, hajala kwangu. Nilitoa mbegu ya watu ghalani kwa sababu ulisema wewe." Akaketi.

Hakupaza sauti, na bora angepaza.

Mama Juliana alikohoa, akauliza kama kuna mwenye wazo. Aliyekuwa amecheka kuhusu miaka mitatu ndiye aliyelitoa: mwaka huu wapande zote mbili, tuta kwa tuta, shamba moja, na gunia lisishonwe kabla halijapimwa. Mwingine akauliza mizani itatoka wapi. Wakaitazama ya parokia. Wakaanza kubishana nani atamwendea paroko, na nani apande upande upi wa kilima, na kama ardhi ya bondeni isihesabiwe tofauti, na mjadala ukawa mkali na mtamu kiasi kwamba walimsahau Bertila kabisa, mpaka mama Juliana alipomnyooshea kidole.

"Na wewe utakuja kupima. Kila gunia. Kwa macho yako."

"Nitakuja, mama."

Hakuna aliyempigia makofi.

Jua lilikuwa bado juu walipofika nyumbani. Waliyafungua magunia yote manne, wakamwaga viazi sakafuni mwa ghala, wakaanza kuchambua, mama upande huu na binti upande ule. Lumbesa haijazwi kwa upole. Vilivyokuwa chini vilikuwa vimepondeka, vingine vimepasuka kwa goti la Jeni, na kiazi kilichopondeka hakiwi mbegu, kinaoza na kuambukiza vilivyo jirani. Rundo la kula lilikua. Kila Bertila alipotupa kimoja huko, alisikia uchungu. Baadaye mama alimsogezea kigoda akikalie, akaendelea.

Walipomaliza, mama alinyoosha mgongo, akalitazama rundo la vizima.

"Vimebaki debe ngapi vya kupanda?"

Bertila akalitazama naye. Namba ilimjia ulimini haraka, namba nzuri kamili, na kwa jinsi rundo lilivyoonekana huenda ingekuwa sawa. Akaimeza.

"Ngoja nipime, mama," alisema, akainuka kwenda kuleta debe.